Uliyewahi kupanda miamba nchi usiyojua lugha yake, tupeane uzoefu

Kamba_Mbili
Habari zenu wakuu. Mimi na mwenzangu tunajipanga kwenda Kalymnos, Ugiriki, mwezi wa 10. Kigiriki hatujui hata salamu, Kiingereza chetu cha kuungaunga. Usafiri na malazi sina wasiwasi navyo, boti za kutoka Kos zipo. Ninachowaza ni kule ukutani: umepata mshika kamba mgeni, yule anayekuzuia usianguke ukidondoka, au mtu kaumia, unasema nini na unamwambia nani? Mliopitia haya mwageni hapa.

JabaliJekundu
Kalymnos ondoa hofu. Wapandaji wanatoka kila pembe ya dunia na wengi wao Kigiriki hawajui vilevile. Madaraja ya ugumu ni ya Kifaransa: 5c, 6a, 6b, yakipanda na ugumu unapanda. Hangaika na urefu wa kamba. Njia nyingi kule ni ndefu, beba ya mita 80 ukiweza, na funga fundo mwisho wa kamba kila mara. Watu wameshushwa hadi kamba ikachomoka kwenye kifaa cha mshika kamba.

Bi_Mwamba
Hayo ya madaraja msiyapite haraka. Ufaransa hiyohiyo, 6a ya kwenye kamba na 6A ya mawe mafupi ya Fontainebleau ni vitu viwili tofauti, ile ya Fontainebleau ni ngumu mbali sana. Ila kwa asiyejua lugha, Fontainebleau ni raha. Mizunguko imechorwa mishale ya rangi kwenye mawe yenyewe: njano rahisi, halafu chungwa, bluu, nyekundu, nyeusi. Unafuata rangi tu, huhitaji kumuuliza mtu.

Kidole_Kimoja
Naunga mkono.

Msafiri_wa_Korongo
Umenikumbusha mbali mkuu, hadi viganja vimetoka jasho.

Verdon, kusini mwa Ufaransa. Anayeijua anajua: njia nyingi huanzii chini. Unafika na gari hadi ukingoni juu, unashuka kwa kamba hadi ndani ya ukuta, unaivuta kamba, na kuanzia hapo mlango wa kutokea ni mmoja, kupanda. Mwenzangu aliugua homa, nikapanda na mzee mmoja Mfaransa tuliyekutana kambini La Palud. Fundi kwelikweli. Kifaransa changu "bonjour" basi, Kiswahili hajawahi kukisikia, Kiingereza chetu wote cha kuoneshana vidole.

Vipande viwili vya kwanza vya njia vilikwenda vizuri maana tulikuwa tunaonana. Cha tatu akapita juu ya tumbo la mwamba, akapotea. Upepo wa korongo ukaanza. Kamba ikaenda, ikaenda, ikasimama. Ikakaa. Nikasikia sauti, neno moja, upepo ukalimeza. Sasa fikiria. Amefika kwenye nanga, pale pa kujifunga mwambani, anataka nimwachie? Au yuko sehemu ngumu, ameshikilia kwa ncha za vidole, anaomba nilegeze? Nikimwachia naye bado anapanda, akidondoka nimemuua. Nikipiga kelele, korongo linanirudishia sauti yangu mwenyewe. Mawingu nayo yanakusanyika upande wa pili.

Sikumwachia. Baada ya muda kamba ikaanza kuvutwa juu haraka, nikaendelea kuipitisha kwenye kifaa kama bado anapanda, hadi ikaisha na kunikaza kiunoni. Ndipo nikamtoa kwenye kifaa. Lakini je, amenishika, au amevuta tu kamba? Nikiwa bado nimejifunga kwenye nanga kwa kamba yangu fupi, nikapanda hatua moja. Kamba ikafuata. Nikapanda nyingine, ikafuata tena. Nikaiegemea taratibu, ikashika. Hapo tu ndipo nikafungua nanga, mikono inatetemeka hadi karabina, zile pete za chuma za kufungia kamba, zinagonga mwamba.

Jioni tulikaa na penseli na kipande cha boksi, tukachora na kupatana: amri nne tu, kila moja ina idadi tofauti ya silabi, na inatanguliwa na jina. Maana upepo unakula herufi lakini mapigo ya neno unayasikia. Tulipanda pamoja hadi naondoka na hofu ile haikurudi.

Kidole_Kimoja
Nimesoma nimesimama.

Pumzi_Ndefu
Pole sana mkuu. Ila mbona dawa ni rahisi? Mvuto wa kamba. Mara tatu kwa nguvu, maana yake nimefika, niachie. Hakuna lugha hapo.

Msafiri_wa_Korongo
Hapana kaka. Anayepanda akiinua kamba aingize kwenye karabina, chini unahisi mvuto uleule. Akifanya hivyo mara tatu utamwachia?

Pumzi_Ndefu
Nimetumia miaka yote na sijawahi kupata shida.

Bi_Mwamba
Na kamba ikipita kwenye kona tatu za mwamba huo mvuto unafikaje? Usipotoshe wageni. Redio ndogo za mkononi ndiyo jibu. Ulaya zile za 446 MHz zinaruhusiwa bila leseni. Marekani mawimbi ni mengine, kwa hiyo ulizeni sheria ya nchi kwanza.

Pumzi_Ndefu
Betri ikiisha utarudi kwenye mvuto, dada.

Mchanga_Laini
Mimi nilikwama kwenye kanuni. Sachsen, Ujerumani, bonde la Elbe. Kule hakuna unga wa mikono, hakuna vifaa vya chuma vya kuchomeka kwenye nyufa, unatumia kamba zenye mafundo. Mwamba ukiwa na maji huugusi, maana mchangamawe ukilowa unavunjika. Mzee mmoja alinifuata akisema maneno mengi huku ananyooshea mfuko wangu wa unga, nikadhani anataka kuuazima. Soma kanuni za mahali kabla hujafunga begi. Na namba za Kirumi za ugumu wa kule zisikutishe, VII yao iko chini sana ya 7a ya Kifaransa.

Kidole_Kimoja
Sasa bila unga si mikono inateleza?

Mchanga_Laini
Wanapanda hivyo tangu karne ya 19. Utazoea.

Safari_Mashariki
Yangshuo, China. Programu za Google kule hazifunguki, na mimi ramani na tafsiri zote zilikuwa hapo. Pakua lugha na ramani zisizohitaji intaneti kabla ya kuondoka. Anwani ya malazi iwe kwenye karatasi kwa herufi zao, umwoneshe dereva. Chakula utapata tu, mwenye njaa anaeleweka popote 😄

JabaliJekundu
Kamba_Mbili aliuliza pia kuhusu kuumia. Namba ya dharura Ulaya ni 112, Ugiriki ikiwemo. Andika jina la eneo na la njia kwa herufi zao, hifadhi na nukta za GPS. Simu isiposhika: ishara sita ndani ya dakika moja, filimbi au tochi, dakika moja kimya, rudia. Wakikujibu ni tatu kwa dakika. Helikopta ikija, mikono yote miwili juu ni ndiyo, tunahitaji msaada. Mmoja juu na mmoja chini ni hapana. Na kata bima inayotaja kupanda miamba kwa jina, kuna nchi gharama za uokoaji ni juu yako.

Kamba_Mbili
Asanteni sana. Nimemwita mwenzangu asome kisa cha Verdon, na leo jioni tunapanga zile amri nne. Swali moja: nikipanda na mgeni, tutumie maneno yangu au yake?

Msafiri_wa_Korongo
Ya anayeshika kamba. Yeye ndiye anayetakiwa kuelewa.

Pumzi_Ndefu
Sikubaliani. Aliye juu akishikwa na woga atapiga kelele kwa lugha ya mama yake.

Bi_Mwamba
Hapo kwa mara ya kwanza leo umesema kweli. Basi mshika kamba ajifunze yote mawili.