Siku ya Washington ulikuwa wapi? Watu wa Goma na Bukavu, tupeane uzoefu

Mama Birere: Leo sokoni Virunga redio imetaja tena mazungumzo ya amani ya Doha na Washington, jirani yangu wa meza akaizima. Nikakumbuka 27 Juni 2025, mawaziri wa Kongo na Rwanda walipotia sahihi mkataba wa amani kule Washington. Asubuhi ile nilikuwa foleni mpakani Petite Barrière, navuka Gisenyi, Rwanda, kutoa pesa, kwa sababu benki za Goma zilifungwa tangu waasi wa M23 waingie Januari. Wewe ulikuwa wapi?

Kijana Ndosho: Foleni hiyo hiyo, yaya. Jua lilituchoma.

Mama Kadutu: Mimi ni wa Bukavu. Mji ulipochukuliwa Februari, nilikimbilia Uvira na watoto, maana hata serikali ya mkoa ilihamia huko. Tarehe 4 Desemba marais Tshisekedi na Kagame wakasaini nao mbele ya Trump. Tuliangalia kwenye simu na wazazi wengine, tukaanza kupanga Noeli ya nyumbani, na huku mabomu yanalia upande wa Kamanyola na Luvungi. Wiki haikuisha. Tarehe 10 M23 wakaingia Uvira. Sisi tulikuwa tumetoka siku moja kabla. Mpakani Kavimvira watu walisongamana hata mtoto wangu wa pili akanitoka mkononi. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nilimkuta Gatumba, ng'ambo ya Burundi, mama mmoja Mrundi amemfunika kitenge, anamlisha ndizi. Hakuniuliza kabila. Mtoto mpaka leo akisikia pikipiki usiku anashika nguo yangu.

Kijana Ndosho: Mungu wangu. Pole sana, mama.

Papa Himbi: Pole, binti yangu. Mimi niliona Goma ikichukuliwa 2012 na tena 2025. Ile ya 2012 M23 walitoka baada ya siku chache tu: wakubwa wa kanda walikaa Kampala, na wafadhili wakaikatia Kigali misaada. Safari hii, 2025, Angola iliacha usuluhishi, wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakarudi kwao wakipitia Rwanda kwenyewe, Qatar na Marekani wakashika meza, na madini yakaingia katika mazungumzo. Nguvu imehama, na sisi hatukuulizwa.

Majengo243: Nguvu gani? Rwanda iondoe jeshi lake, kwisha. Azimio 2773 la Baraza la Usalama la UN lilisema hivyo Februari 2025.

Dada Katindo: Na FDLR je, wale waasi Wahutu wa Rwanda walioko Kongo? Mkataba uleule wa Washington unataka imalizwe.

Majengo243: Miaka yote kisingizio ni hicho hicho!

Dada Katindo: Shangazi yangu wa Masisi alichomewa nyumba. Usiniambie kisingizio.

Mama Birere: Watoto wangu, hapa kuna mama aliyepotelewa na mtoto njiani. Shusheni sauti.

Katuba L'shi: Sisi Lubumbashi hatusikii risasi, lakini nyumba imejaa wapwa kutoka Goma. Nani anajua namna ya kuwarudisha shuleni bila bulletin, ile karatasi ya matokeo?

Kijana Ndosho: Mwone préfet, mkuu wa shule, uso kwa uso, usitume barua. Na wenye watoto wadogo: andikeni namba ya simu ndani ya nguo.

Mama Kadutu: Kwenye mkono, ndugu yangu. Nguo yake ilibadilishwa Gatumba.

Papa Himbi: Dola iliyochanika usivuke nayo, wataikataa. Na asiuze mtu kiwanja Goma sasa.

Majengo243: Auze! Amani ikija atanunua kingine.

Dada Katindo: Kwa bei ipi? Papa Himbi ana haki, mshike karatasi zenu.

Majengo243: Hapo nakubali. Mama Kadutu, mtoto anasoma wapi sasa? Niko na vitabu vya mdogo wangu.