Ukoo uliotoa damu na ubongo hadi kinga ya Alzheimer ikajulikana: upewe dawa bure?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Huko Antioquia, Kolombia, kuna ukoo wa watu wapatao 6,000. Takriban 1,200 kati yao wamerithi hitilafu ya jeni ya PSEN1 inayoleta Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, na mwenye nayo huanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 44 hivi. Akikaribia 50, watoto ndio wanaomlea.

Mwaka 2019 ikatangazwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo. Hitilafu alikuwa nayo, lakini alipita miaka 70 ndipo dalili zikaanza. Ubongo wake ulijaa amiloidi, protini inayorundikana nje ya seli katika ugonjwa huu, ila tau, protini inayojisokota ndani ya seli, ilikuwa kidogo. Kumbe alirithi kwa wazazi wote wawili badiliko adimu la jeni ya APOE liitwalo Christchurch. Mwaka 2023 akafuata mwanamume aliyekingwa na badiliko la jeni nyingine, ya reelin, hadi miaka 67.

Haya hayakuokotwa njiani. Tangu miaka ya 1980 Dk. Francisco Lopera na wenzake walizunguka vijijini wakiandika nasaba na kuchukua damu. Mtu akifariki, familia iko msibani, inaombwa ubongo palepale kwa sababu haukai. Watu 252 waliingia kwenye jaribio la dawa ya crenezumab. Matokeo ya 2022 yakaonyesha haikusaidia.

Sasa watafiti wanatengeneza kingamwili za kuiga kazi ya Christchurch. Zikiwa dawa, nani azipate?

Wapo wanaosema walijitolea na kusaini fomu, hawana wanachodai, na makampuni yakibanwa yatakimbia. Hoja ya gharama naikubali. Lakini aliyesaini kutolewa damu hakusaini watoto wake waje wauziwe matunda yake. Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka walioshiriki jaribio wafikiriwe baada ya jaribio kwisha. Waliotoa damu na ubongo miaka mingi kabla ya dawa hiyo kuwepo hawamo.

Msimamo wangu: mkataba uandikwe mapema, na kila mwenye hitilafu katika ukoo huo atibiwe bure maisha yake yote. Mgao wa faida siungi mkono, maana ubongo wa marehemu ukiwekewa bei, ndugu watagombana kabla ya mazishi.

Mnaopinga, nijibuni hili: bila ukoo huu, makampuni hayo yangeanzia wapi?