Mjadala: Bila Erasmus, Luther angefika wapi?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwisho wa Oktoba sisi Walutheri tunaadhimisha Sikukuu ya Matengenezo, yaani mageuzi ya kanisa yaliyozaa Uprotestanti, na mahubiri hayabadiliki: mtawa mmoja, Martin Luther, nyundo, mlango wa kanisa la Wittenberg, hoja 95, mwaka 1517. Safari hii ndugu mmoja humu akatia chumvi zaidi, eti Luther hakuhitaji msomi yeyote, alikuwa na Biblia yake inatosha. Nikasema hapana, hili tulijadili.

Biblia ipi? Ulaya Magharibi kwa karne nyingi ilisoma Biblia ya Kilatini, nakala ya nakala. Agano Jipya la Kigiriki la kwanza kuchapwa na kuuzwa madukani lilitengenezwa na Erasmus wa Rotterdam, padri wa Kikatoliki, kule Basel mwaka 1516. Na kazi yenyewe aliilipua kweli kweli, haraka haraka. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na hati moja tu ya mkono, tena ya kuazima, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa umeshachomoka. Mchapaji, Johann Froben, anasubiri. Basi Erasmus akachukua Biblia ya Kilatini, akazigeuza zile aya za mwisho kuwa Kigiriki yeye mwenyewe, kazi ikaenda mitamboni. Toleo la pili la kitabu hicho, la 1519, ndilo Luther alilolitumia alipofichwa katika ngome ya Wartburg, akatafsiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani kwa wiki kama 11. Likatoka Septemba 1522, nakala zipatazo 3,000. Desemba hiyo hiyo likabidi lichapwe tena.

Nyuma ya Erasmus yuko Lorenzo Valla, Mwitalia. Mapapa walikuwa na hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino, karne ya 4, alimkabidhi Papa Silvester mamlaka juu ya Roma na nchi zote za Magharibi. Mwaka 1440 Valla aliisoma kama mwalimu anayesahihisha daftari: Kilatini hiki si cha enzi hizo, hawa "maliwali" wa Kiajemi wanatafuta nini Roma, na mji wa Konstantinopoli unatajwaje kabla haujajengwa? Hati ya kughushi. Luther alikisoma kitabu hicho cha Valla mwaka 1520, akamwandikia rafiki yake kwamba sasa karibu hana shaka kuwa Papa ndiye Mpinga Kristo.

Msimamo wangu basi: Matengenezo yalipikwa na wanazuoni, Luther akapakua. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo.

MCHANGIAJI WA 2

Mleta mada, umeandika vizuri ila umewasahau wenye nguvu. Wasomi hawajawahi kupindua kitu bila mtu wa kuwalinda.

Mtazame Jan Hus wa Bohemia. Alisema mengi ambayo Luther aliyasema miaka mia baadaye. Akaitwa kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Konstanz, Mfalme Sigismund akampa hati ya kusafiri salama, na tarehe 6 Julai 1415 wakamchoma moto hivyo hivyo na hati yake. Luther naye alikwenda mji wa Worms mwaka 1521 kuhojiwa juu ya maandishi yake, akiwa na hati kama hiyo kutoka kwa Kaisari Charles wa 5. Tofauti ni nini? Wakati anarudi, watu wa Frederick, mtawala wa Saxony, walimteka njiani kwa makubaliano wakamficha hukohuko Wartburg unakokusifia. Hus hakupungukiwa hoja, alipungukiwa Frederick.

Na msidhani Frederick alikuwa mwanamageuzi. Kanisa la ngome yake pale Wittenberg lilikuwa na masalia ya watakatifu zaidi ya 19,000, na waliokuja kuyahiji walipata rehema zao (punguzo la adhabu ya dhambi) pale pale. Ndiyo maana alimpiga marufuku Johann Tetzel kuuza hati za rehema katika eneo lake: fedha isivuke mpaka. Maana ile biashara ya Tetzel nayo ilikuwa ya deni. Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, alikopa kwa familia ya Fugger, wenye mabenki, ili apate cheo, nusu ya makusanyo ikawa ya kulipa mkopo, nusu ikaenda Roma kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro. Hayo Erasmus anahusikaje, mkuu?

MCHANGIAJI WA 3

Mimi Mkatoliki, nitasema kidogo tu. Nyote wawili mnabishana nani apewe sifa. Mbona hamwataji waliolipa gharama?

Machi 1525 wakulima wa Ujerumani walikutana Memmingen wakaandika madai 12: tuchague mchungaji wetu wenyewe, tusiwe watumwa wa mabwana kwa sababu Kristo alitukomboa sote. Wakaongeza kwamba dai lolote litakaloonyeshwa kwa Maandiko kuwa si haki, wataliondoa. Wamejifunza wapi kusema hivyo kama si kwa Luther? Naye Mei akaandika kwamba waasi wachomwe visu, wakatwe, wanyongwe, hadharani na kwa siri. Tarehe 15 Mei pale Frankenhausen waliuawa kwa maelfu. Zürich, Uswisi, nako, Januari 1527, Felix Manz alizamishwa mtoni na Waprotestanti wenzake kwa kosa la kubatiza watu wazima. Uhuru wa dhamiri mnaoupigia debe kila Oktoba haumo humo.

MLETA MADA

Mchangiaji wa 3, hilo la wakulima silitetei, na mchungaji anayelikwepa kila mwaka sijui anaogopa nini.

Wa 2, Frederick aliiokoa shingo ya Luther, sawa. Lakini Zürich hakukuwa na Frederick. Ulrich Zwingli alikuwa padri wa kawaida, alinakili nyaraka za Paulo kwa mkono wake kutoka Kigiriki cha Erasmus akazihifadhi kichwani, kisha akaleta mageuzi yake kupitia baraza la mji. Mlinzi mwingine kabisa, kitabu kile kile mezani.

Erasmus mwenyewe alijua anasemwa. Watawa walimlaumu kwamba alitaga yai, Luther akaliangua. Akajibu kwamba yeye alitaga yai la kuku, Luther kaangua ndege wa aina nyingine. Mwaka 1524 akatoa kitabu kutetea hiari ya mwanadamu, mwaka uliofuata Luther akamjibu kwa ukali, lakini akamkubali kwa jambo moja: wengine wote wananisumbua na Papa, toharani na rehema, wewe peke yako umenishika koo. Baada ya hapo Erasmus akawa hana pa kuegemea. Alikufa Basel, mji wa Waprotestanti, mwaka 1536, na mwaka 1559 Roma ikapiga marufuku vitabu vyake vyote.

Roma yenyewe basi ilimweka kundi gani? Na wa 2, bado nadai jibu la Zürich.