Fundi wa milango kanikatia ukuta mpaka lenta inaning'inia, na bado anadai hela yake!!

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira sana na naomba mnisome mpaka mwisho maana kuna mtu kesho anaenda kufanya kosa hili hili.

Nilikuwa na dirisha chumba cha nyuma nikataka liwe mlango wa kutokea uani. Kichwani nikajiambia hii ni kazi ya mlango basi nimwite fundi wa milango, na jamaa milango anaijua kweli, hilo simnyimi. Akaja akaangalia kama dakika tano, akasema kazi ndogo hii bosi, tunavunja chini ya dirisha, tunapachika fremu, jioni unalala na mlango wako. Hakuuliza juu ya dirisha kuna nini. Hakugonga ukuta. Hakuuliza waya zinapita wapi, na kweli saa nne asubuhi akakata waya wa soketi iliyokuwa chini ya dirisha, nyumba nzima ikazima.

Lakini hilo la waya ni dogo. Dirisha lilikuwa na upana wa mita 1.2. Mlango wa kawaida ni kama sentimita 90, kwa hiyo ungeingia pale pale, pembeni unajazia tofali, lenta ya juu (ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha) huigusi kabisa. Yeye akanishawishi tuweke mlango wa pande mbili wa mita 1.5 eti chumba kitapata hewa, mimi nikakubali. Sasa piga hesabu na mimi. Nyumba yangu haina mkanda wa zege unaozunguka juu, kila dirisha lina lenta yake fupi, na hii ilikuwa imeingia ukutani sentimita 15 kila upande. Kutoka 1.2 kwenda 1.5 amekata sentimita 15 kushoto na 15 kulia. Lenta imekalia nini sasa?? Imekalia fremu ya mbao! Na juu yake kuna mistari ya tofali na kenchi za paa zimetua ukuta huo huo. Na amekata bila kuweka hata mrunda mmoja wa kushikilia, nyundo na mtaimbo tu, ukuta unatikisika mpaka vumbi linadondoka darini.

Wiki ya pili mlango ukaanza kubana juu. Nikampigia, akaja na randa akaparua mbao, akaondoka. Ukabana tena. Halafu ukatokea ufa kwenye kona ya juu, unapanda kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali kuelekea darini. Akaja akaupiga lipu akasema nyumba inajikalia tu vizuri, ni kawaida. Nikachora mstari wa penseli kukatiza ufa, baada ya siku chache mstari ule ukawa vipande viwili na katikati kucha yangu inaingia. Akaupiga lipu mara ya pili!!! Mtu anaona ufa unarudi pale pale na dawa yake ni lipu.

Na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, kwa sababu kizingiti amekimwaga sawasawa na sakafu, hakuna mwinuko wala mteremko wa kutoa maji nje.

Juzi ndio nimemleta fundi mwashi, mzee mmoja mtaratibu. Kabla ya kushika chochote akauliza paa limekalia kuta zipi, akapanda darini mwenyewe kuangalia, akashuka akabandua lipu pale kwenye kona kwa bisibisi, akaniita, njoo uone mwisho wa lenta yako. Wakuu niliuona kwa macho yangu, ncha ya zege na vumbi la tofali, chini yake mbao ya fremu imebonyea. Siku hiyo hiyo akasimamisha mirunda pande zote mbili na kutukataza kulala chumba kile.

Amenipa njia mbili. Kumwaga lenta mpya ndefu iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande, mirunda ikae mpaka zege likomae, au kutoa mlango huu, kujenga pembeni tofali zishike lenta ya zamani, na kuweka mlango wa 90. Naelekea hiyo ya pili, ingawa mlango wa pande mbili nilioulipia utabaki umeegeshwa stoo.

Sasa jana usiku yule fundi wa milango kanitumia meseji anadai hela iliyobaki, anasema mlango ameutengeneza vizuri, ukuta si kazi yake. Si kazi yake! Aliyeukata nani? Nimemjibu simpi hata senti, aje achukue mlango wake na arudishe nilichomlipa. Aliyewahi kudai fidia kwa fundi asiye na mkataba wa maandishi aniambie alianzia wapi, picha za ufa na meseji zake zote ninazo.