Waendesha mchezo, mnawaonea bundi na watumishi wetu

Wanajukwaa, salaam. Nimeufungua uzi huu kwa sababu nimechoshwa na waendesha mchezo, yaani wasimulizi na waamuzi, wa mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi uitwao Dungeons & Dragons ambao, kila mchezaji anapobuni njia mpya ya kumtumia msaidizi wake wa kichawi, huona kana kwamba wameibiwa.

Katika kikao kilichopita mchawi wangu alimwagiza mtumishi asiyeonekana (nguvu ya kichawi isiyo na umbo) atangulie ukumbini na mfuko wa unga, aumwage sakafuni polepole, ili adui aliyejificha kwa uchawi aache nyayo. Mwendesha mchezo wetu alikataa katakata, akidai kwamba mtumishi huyo haruhusiwi kushambulia. Nani alizungumzia kushambulia? Kitabu cha wachezaji cha 2014 kinasema wazi kwamba anafanya kazi nyepesi ambazo mtumishi wa kibinadamu angezifanya: kuleta vitu, kusafisha, kukunja nguo, kuwasha moto, kumimina mvinyo. Anayeweza kumimina mvinyo atashindwaje kumwaga unga? Mipaka yake naifahamu: nguvu zake ni 2, uhai wake ni pointi 1, hudumu saa 1, na akiwa mbali nawe zaidi ya futi 60 hutoweka. Sikumtaka avunje lango la chuma.

Yanayompata bundi, msaidizi mwingine anayeitwa na mchawi wangu, ni mabaya zaidi (nasema bundi wa mchezoni, si yule wa mikosi anayefukuzwa juu ya mapaa yetu). Kwa kitabu hichohicho, kumwita kunagharimu saa nzima pamoja na mkaa, ubani na mitishamba ya vipande 10 vya dhahabu, vyote viteketee katika chetezo. Kushambulia hawezi, lakini anaweza kumzonga adui usoni ili mwenzako alenge vizuri, kisha akaruka zake bila kupigwa, kwa kuwa ndivyo bundi alivyoandikwa. Vilevile mchawi anaweza kuona kwa macho yake akiwa ndani ya futi 100, ila wakati huo yeye mwenyewe huwa kipofu na kiziwi kwa yanayomzunguka. Hapo ndipo penye utamu, maana ni lazima wenzake wamlinde, na mwendesha mchezo mwenye ubunifu angepata nafasi ya kututoa jasho. Wetu hutafuta njia ya mkato: kila mpiga upinde humlenga bundi kwanza, hata kama mpiganaji wetu mwenye shoka amekwisha kumfikia.

Najua wapo watakaosema kwamba bundi humnyang'anya mpelelezi wa kundi kazi yake. Basi fungeni milango, kwa sababu bundi hana mikono ya kuifungua; au walinzi washtuke wanapomwona ndege wa msituni akizunguka chini ya ardhi. Hayo ni majibu ya mchezo, nami nitayapokea hata yakiniumiza.

Waendesha mchezo mliomo humu, nisaidieni: ni kanuni ipi hasa inayomzuia mtumishi wangu kumwaga unga?