Mrejesho: wasifu wa marehemu mama

Wakuu, niliuliza niandike nini kwenye wasifu wa mama, maana mzee hakutaka kusema neno. Mlionishauri niachane na tarehe nianzie jikoni, asanteni sana. Nilianza na vitumbua: mchele unalowekwa usiku, unasagwa, unatiwa tui na hiliki, na kabla ya adhana ya alfajiri chuma cha kukaangia kiko motoni. Ada zetu zote zilitoka hapo.

Arobaini tumeifanya hapa Tanga. Baada ya hitma nikawasomea ndugu, nusu tu, sauti ikakata. Mzee akadakia mwenyewe: "Miaka 41 hajanipa kitumbua cha kwanza. Cha kwanza huungua, alikuwa anakila yeye." Watu wakacheka huku wanalia.

Chuma kakichukua mjukuu wake wa mwisho. Kimejaa masizi, hataki kisuguliwe.