Naomba ushauri: dawa za kusafishia pua kwa sinusi sugu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa madaktari, wafamasia na wanaouguza mtu mwenye sinusi sugu (uvimbe usioisha kwenye mianya ya mifupa inayozunguka pua), ile iliyopita wiki 12 na vidonge vya antibayotiki havifui dafu.

Mgonjwa ameshafanyiwa upasuaji wa kupanua njia za sinusi. Hilo ni muhimu, maana kabla ya hapo dawa nyingi huishia puani tu. Anasafisha pua kwa chupa hivi: maji mililita 240 yaliyochemshwa, yakatokota dakika nzima na kupoa hadi uvuguvugu, chumvi isiyo na iodini gramu 2, kisha budesonidi (steroidi ya kupunguza uvimbe) ya maji ampuli moja ya miligramu 0.5. Nusu kila tundu, kichwa kimeinamia sinki, mdomo wazi. Maji mabichi ya bomba hapana kabisa, yanaweza kuwa na amiba anayeua.

Lakini asubuhi bado linatoka kamasi la njano, zito kama gundi, na ukoko tundu la kushoto. Usaha ulioteshwa maabara umeonyesha bakteria Staphylococcus aureus.

Je, mupirosini (antibayotiki) ya kusafishia iingie chupa moja na budesonidi, au zipishane asubuhi na jioni? Na budesonidi ya matone, mgonjwa akilala chali kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, inafika sinusi za paji vizuri kuliko chupa?

Dawa za kuzibua kama zailometazolini tafadhali msizipendekeze. Zikitumika zaidi ya wiki moja pua huziba upya, tena vibaya zaidi.